Maji kwenye friji, jeli mwilini: kuganda ni jambo moja, kuoza ni jingine

Swali

"Shikamoo Daktari. Mimi ni mwanafunzi wa famasia, mwaka wa tatu. Mhadhiri wetu alitaja polima ambazo zikiwa kwenye friji ni maji, zikidungwa mwilini zinakuwa jeli yenye dawa ndani, halafu baada ya wiki kadhaa zinaoza zenyewe bila upasuaji wa kuzitoa. Nimesoma nikazidi kuchanganyikiwa. Kwanza, vitu vingi ninavyovijua vikipata joto huyeyuka, hivi vinagandaje? Pili, mgonjwa akipata homa kali, jeli haitayeyuka na kumwaga dawa yote kwa mkupuo? Tatu, PNIPAM, polima moja maarufu inayogeuka kwa joto, inatajwa katika kila makala ninayofungua, lakini sijaona dawa ya kudungwa iliyotengenezwa kwayo. Kwa nini? Natafuta pia mada ya mradi wa mwisho, kwa hiyo ukinipa pa kuanzia nitashukuru."

Jibu

Marahaba, mwanangu. Maswali umeyapanga vizuri, ila kuna moja umelipita bila kuliuliza, nalo ndilo linalowatoa watu jasho katika fani hii. Mhadhiri wako alisema polima hizo zinaganda, halafu zinaoza. Wengi husikia kauli hiyo kama jambo moja. Ni mambo mawili, kila moja lina kemia yake na mwendo wake, na la pili huanza kulivuruga la kwanza tangu siku ya sindano. Nitafika huko.

Tuanze na kuganda. Polima ni molekuli ndefu kama mnyororo, na mnyororo wa aina hii una sehemu zinazopenda maji na sehemu zinazoyakimbia. Kwenye baridi, molekuli za maji huizunguka ile sehemu inayoyakimbia na kujipanga kwa adabu, zimeshikana kwa vifungo vya hidrojeni. Mpangilio huo unaifanya polima ikae ndani ya maji bila shida, lakini una gharama: maji yaliyojipanga yamepoteza uhuru wa kutembea. Fungua daftari lako la themodinamiki, utaikuta ΔG = ΔH − TΔS, ambapo T ni halijoto na ΔS ni badiliko la uhuru, yaani vurugu. Gharama ya kukosa uhuru imezidishwa na T. Halijoto ikipanda, gharama inapanda nayo, mpaka inafika mahali ambapo maji yanaona bora kuachana na polima. Yakiondoka, zile sehemu zilizokuwa zimefunikwa zinabaki wazi, na njia pekee ya kujificha ni kukumbatiana zenyewe kwa zenyewe. Kwa hiyo kanuni uliyoizoea haijavunjwa. Joto limeleta vurugu kama kawaida yake, ila anayefunguliwa ni maji, na polima ndiyo inayofungwa. (Yai nalo huganda likipashwa moto, lakini yai halirudi kuwa bichi likipoa. Hizi hurudi.)

Mahali pa mgeuko huo nitapaita kizingiti; vitabu vyako vitakiandika kwa herufi LCST, kifupi cha Kiingereza cha lower critical solution temperature. Kwa PNIPAM kiko karibu nyuzi 32, na waliokieleza kwa mara ya kwanza katika maji ni Heskins na Guillet, mwaka 1968. Ukiipata maabara, jaribu hivi: weka mmumunyo mwepesi kwenye kichupa cha kioo, ukishike ndani ya kiganja. Maji yaliyokuwa angavu kabisa yanaanza kupata ukungu kuanzia kwenye kuta, pale kiganja kinapogusa, na punde yote ni meupe kama maziwa. Tumbukiza kichupa kwenye barafu, weupe unafutika. Nimewaonyesha wanafunzi jambo hili kwa miaka na bado sijalichoka.

Lakini kuwa meupe si kuwa jeli. Katika mmumunyo mwepesi wa PNIPAM kila mnyororo umejikunja na kujitenga na maji, basi. Ili upate jeli inayoshika umbo, inabidi minyororo ishikane kuwa wavu mmoja unaobaki na maji ndani yake. Njia iliyozaa matunda zaidi ni kujenga mnyororo wa vipande vitatu. Mfano ambao utakutana nao sana ni PLGA-PEG-PLGA: katikati polietilini glaikoli (PEG) inayopenda maji, na kila upande mkia wa PLGA, yaani laktiki na glikoliki zilizounganishwa, unaoyakimbia. Kwenye baridi, mikia miwili ya mnyororo huingia kwenye kitovu kimoja na PEG inajipinda nje kama petali. Vinakuwa vijiua vidogo vinavyoelea, kila kimoja kivyake, na kimiminika kinapita kwenye sindano. Joto likipanda, mkia mmoja unabaki kitovu hiki na mwingine unakwenda kitovu cha jirani. Madaraja yanazaliwa, vijiua vinafungamana, na kimiminika kinasimama. Polima inayohitajika ni kama asilimia 15 hadi 25 kwa uzito. Kilichobaki ni maji.

Sasa swali lako la tatu, kwa sababu jibu lake linatupeleka kwenye kuoza. Uti wa mgongo wa PNIPAM ni kaboni kwa kaboni, mwanzo hadi mwisho. Mwilini hakuna maji wala kimeng'enya kinachoukata. Ukiidunga, inakaa pale ulipoiweka, au ikiwa minyororo ni mifupi, inayeyuka polepole na kutoka kwa figo. Isitoshe, monoma yake, yaani molekuli ndogo inayounganishwa kuwa polima, ni sumu, na kila unga wa polima hubaki na masalia kidogo ya monoma yanayotakiwa kusafishwa kwa bidii. Makala zinaipenda kwa sababu ni rahisi kuitengeneza, kizingiti chake kiko karibu na joto la mwili, na kinageuka ghafla, si kwa kusuasua. Ni kifaa kizuri cha kufundishia na kufikiria. Kudungwa ni habari nyingine.

Hata hivyo usiidharau. Teruo Okano na wenzake mjini Tokyo waliibandika kwenye sakafu ya sahani za kuoteshea seli, tabaka jembamba mno. Kwa nyuzi 37 seli zinashika na kuota. Ukiipoza sahani hadi nyuzi 20 hivi, tabaka linanyonya maji, seli zinaachia, na unainua shuka zima la seli likiwa limeshikana, bila kutumia kimeng'enya cha kuzikwangua. Mwaka 2004 madaktari wa Japani walitoa taarifa ya wagonjwa wanne waliofunikwa uso wa jicho kwa mashuka ya namna hiyo, yaliyooteshwa kutoka utando wa mdomo wa mgonjwa mwenyewe. Polima ilibaki kwenye sahani, haikumgusa mgonjwa, na swali la kuoza halikuwahi kuulizwa. Kwangu mimi hiyo ndiyo kazi safi kuliko zote zilizofanywa na PNIPAM.

Kabla ya kwenda mbele, neno "kuoza" lenyewe linadanganya kidogo. Linatufanya tufikirie vijidudu na harufu. Kwenye PLGA hakuna kijidudu: ni maji yanayokata vifungo vya esta kimoja baada ya kingine, na mazao yake ni asidi ya laktiki na asidi ya glikoliki, ambazo mwili unajua la kuzifanyia. Na kuna kosa jingine nalikuta hata kwa watu wenye shahada kubwa kuliko unayoisomea: kuchanganya kuoza na kuyeyuka. Poloksama 407 ni mfano. Nayo ni ya vipande vitatu, ukiiweka kwenye maji kwa asilimia 20 ni kimiminika kwenye friji na jeli mwilini, na inatumika sana katika dawa. Lakini vifungo vyake ni vya etha, havikatwi na maji. Jeli yake inapotea mwilini kwa siku moja au mbili kwa sababu majimaji ya mwili yanaizimua mpaka vijiua vinaachana. Minyororo inatoka mizima, kwa njia ya figo. Imeyeyuka, haikuoza.

Wakati mwingine kuyeyuka ndiko kunakotakiwa. Mwezi Aprili 2020 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, iliidhinisha Jelmyto kwa ajili ya saratani za daraja la chini kwenye njia ya juu ya mkojo, yaani figo na mrija unaoshuka kutoka humo. Dawa yenyewe ni mitomisini, dawa ya saratani ya siku nyingi. Shida ya mahali pale ni kwamba ukiweka dawa ikiwa maji, mkojo unaishusha mara moja kabla haijafanya kazi. Wakaichanganya na jeli ya aina hii: inaingizwa ikiwa ya baridi, inaganda ndani, inakaa saa kadhaa ikiachia dawa, huku mkojo ukiimomonyoa. Mara moja kwa wiki, kwa wiki sita. Hakuna anayehitaji ioze pale, kwa kuwa mkojo unaibeba.

Lakini ukitaka dawa ikae chini ya ngozi au ndani ya uvimbe mwezi mzima, hakuna mkojo wa kukusaidia. Hapo ndipo esta zinahitajika. Mwaka 1997, kikundi cha Sung Wan Kim huko Utah kilichapisha polima ya vipande vitatu iliyokuwa na PEG pande zote mbili na asidi ya laktiki katikati. Iliweza kuoza, na iligeuka kwa joto, lakini kinyumenyume: ilikuwa kimiminika kwenye nyuzi 45 na jeli ilipopoa hadi joto la mwili. Fikiria kumdunga mtu kitu cha nyuzi 45, na fikiria protini uliyoichanganya humo. Baadaye ndipo ikageuzwa, PEG ikakaa katikati na PLGA pembeni, na kudunga kwa baridi kukawezekana. Moja ya jeli hizo ilipakiwa paklitakseli, dawa ya saratani isiyopenda maji, na ikaiachia kwa takribani wiki sita katika vipimo vya maabara. Ilijaribiwa kwa wagonjwa wa saratani, lakini haikufika sokoni.

Sasa lile swali ambalo hukuliuliza. Kizingiti kinategemea uwiano kati ya kinachopenda maji na kinachoyakimbia. Kuoza kunakata kile kinachoyakimbia. Maana yake ni kwamba kila siku inayopita, kizingiti cha jeli uliyoiweka kinahama. Polima uliyoipima kwenye kichupa siku ya kwanza siyo iliyo mwilini wiki ya tatu.

Watu wa Utrecht, Uholanzi, kikundi cha Wim Hennink, waliligeuza tatizo hili kuwa chombo. Walitengeneza polima ambayo kila kiungo chake kina kijitawi cha laktiki. Kijitawi kikiwa na laktiki mbili, kizingiti kiko karibu nyuzi 13. Kikiwa na moja tu, kiko karibu nyuzi 65. Liangalie hilo kwa makini: nyuzi 37 ziko katikati. Siku unapoidunga, mwili uko juu ya kizingiti, na polima imejikusanya na kushika dawa. Maji yanakata laktiki moja hapa, nyingine pale, kizingiti kinapanda polepole, 20, 25, 30, na siku kinapovuka 37 polima inajikuta iko kwenye "baridi" bila mwili kupoa hata nyuzi moja. Inaachiana na kuyeyuka. Mwili haukubadilika; kilichosogea ni mstari. Na ukitaka kuwa mkali, uti wa mgongo wa polima hiyo nao ni kaboni, haukatiki. Lazima minyororo iwe mifupi ya kutosha kupita kwenye figo, la sivyo umerudi kule kule kwa PNIPAM.

PLGA-PEG-PLGA haina utaratibu mzuri namna hiyo. Mikia ikifupishwa, madaraja yanapungua, jeli inalegea. Wakati huohuo asidi inajikusanya katikati, ambako haipati njia ya kutoka, na asidi huharakisha ukataji wa esta. Kwa hiyo donge linaweza kuliwa kutoka ndani. Dawa ndogo kama paklitakseli inaweza kuvumilia. Protini nyingi hazivumilii: zinakunjuka, zinashikamana, na unachokiachia wiki ya tatu ni protini iliyokufa. PEG ya katikati haiozi, lakini ikiwa na uzito wa daltoni (kipimo cha uzito wa molekuli) 1,000 hadi 1,500 figo haziisumbukii.

Kuna na kitosani iliyochanganywa na gliserofosfeti, iliyotangazwa mwaka 2000, ambayo huganda kwenye nyuzi 37 na hukatwa na vimeng'enya vya mwili. Nzuri kwa kujaza gegedu, ila kuganda kwake ni kemia nyingine, tusiifungue leo.

Homa. Umeona sasa kwamba jeli inaganda juu ya kizingiti, kwa hiyo homa haiiyeyushi. Nyuzi 39 zinaisogeza mbali zaidi na umaji. Lakini usilifunge swali hapo, kwa sababu kuna mlango wa pili kwa juu. Ukiendelea kupasha PLGA-PEG-PLGA, mikia inakumbatiana kupita kiasi, jeli inasinyaa na kukamua maji yake kama sifongo, na dawa iliyo kwenye maji hayo inatoka nayo. Mlango huo mara nyingi uko kati ya nyuzi 40 na 50, kutegemea muundo. Kama wako uko 48, homa si neno. Kama uko 41, mgonjwa mwenye homa kali anaweza kupata dozi asiyotarajia, si kwa sababu jeli imeyeyuka bali kwa sababu imekamuliwa. Ukisoma makala yoyote kuhusu jeli hizi, tafuta namba hiyo ya juu. Wengi huandika ya chini tu.

Baridi nayo isisahaulike. Chini ya ngozi, hasa mikononi na miguuni, si nyuzi 37. Uso wa ngozi mara nyingi uko 32 hadi 34. Mgonjwa akiweka barafu palipodungwa kutuliza maumivu katika saa za mwanzo, anaweza kuwa anairudisha jeli kwenye umaji. Ndiyo maana wabunifu hukiweka kizingiti chini kiasi, tuseme nyuzi 25 hadi 30. Na hapo wanakumbana na chumba chenyewe. Nakumbuka siku moja tukiwa tunajaribu jeli kwenye panya, mwenzangu alishika bomba la sindano mkononi huku akimalizia maelezo ya kitu kingine kabisa. Dakika mbili, labda tatu. Alipokuja kusukuma, pistoni ilikataa. Alisukuma kwa nguvu, sindano ikachomoka kwenye bomba, na jeli nzuri ya kuvutia ikatua mezani ikiwa na umbo la bomba. Tangu siku hiyo mabomba yetu yanakaa kwenye barafu na hakuna anayezungumza akiwa amelishika moja.

Kwa sababu hiyohiyo ya maji na esta, PLGA-PEG-PLGA iliyokwisha kuyeyushwa haiwekwi miezi kwenye friji. Baridi inapunguza mwendo wa kukatika, haiuzuii. Hutunzwa kavu na kuchanganywa karibu na siku ya kutumika, na kuiyeyusha kwenye baridi kunataka saa nyingi za kukoroga.

Tawi lingine la polima hizi usiliache kabisa. Mwaka 2002 Andreas Lendlein na Robert Langer walionyesha uzi wa upasuaji unaooza na unaokumbuka umbo lake la zamani. Ulifungwa fundo legevu, ukapashwa nyuzi 40, na fundo likajikaza lenyewe ndani ya sekunde 20 hivi. Huo haugandi wala hauyeyuki, ni fuwele ndogo ndani ya uzi zinazoachia na kuruhusu mnyororo urudi ulikozoea. Ukilinganisha na jeli, huko swali lako la homa ni zito zaidi: nyuzi 40 si mbali na kitanda cha mgonjwa.

Kuhusu mradi. Usianze kwa kutengeneza polima mpya. Utamaliza muhula unasafisha masalia ya monoma. Anza na poloksama 407, asilimia 20 kwa uzito, ukiikoroga kwenye maji baridi usiku kucha, ili mkono wako uzoee kipimo. Kipimo chenyewe ni cha kupindua kichupa: pasha nyuzi moja, subiri dakika kumi, pindua, hesabu sekunde 30. Ikisimama, andika jeli. Endelea kupanda hata baada ya kuganda, mpaka uone inasinyaa au umefika 50. Tumia bafa ya fosfeti, yaani mmumunyo wa chumvi unaoishikilia pH isiyumbe, si maji yaliyochujwa kwa mvuke, kwa sababu chumvi huishusha namba, na utajidanganya kwa nyuzi kadhaa.

Mkono ukishazoea, chukua PLGA-PEG-PLGA iliyo tayari, weka vichupa kwenye nyuzi 37 na toa kimoja kila wiki. Wengi hupima uzito uliobaki peke yake. Wewe pima tena kizingiti cha kilichobaki, chini na juu, na uchore mistari miwili kwa wiki sita uone inakwenda wapi. Bafa ibadilishe kila unapotoa sampuli, na ile ya zamani usiimwage kabla hujasoma pH yake.